Cahors kwa mfuko mdogo: jinsi ya kuuchagua, kuufungua na kuunywa mvinyo mweusi wa bonde la Lot

Chupa ya kwanza ya Cahors niliyonunua iliishia kwenye sinki. Ilikuwa Julai, Toulouse, chumba cha ghorofa ya tano kisicho na hata feni, na nilikuwa nimewapikia wageni watatu samaki wa kupaka. Nikafungua chupa, nikamimina papo hapo, tukaonja. Mgeni mmoja, mtu wa Tabora mwenye adabu zake, aliuzungusha ule mvinyo mdomoni, akameza, akasema, "Kaka, hii ni chai ya rangi iliyosahauliwa jikoni." Hakukosea. Ulimi ulikuwa umekakamaa kana kwamba tumetafuna ganda la ndizi mbichi, na samaki wangu, niliyemhangaikia tangu asubuhi, alikuwa na ladha ya msumari.

Wiki chache baadaye jirani yangu, mzee wa Kifaransa, alinikaribisha kwake akanimiminia mvinyo uleule, lebo ileile, chupa ya euro 8. Mezani palikuwa na bega la mwanakondoo. Nikadhani ananitania. Mvinyo ulikuwa laini, mzito, unanukia forosadi zilizoiva hadi kuanguka, na kwa nyuma harufu ya tumbaku na udongo uliolowa. Niligeuza chupa mara mbili nione kama ndiyo yenyewe.

Ilikuwa ndiyo yenyewe. Mvinyo wetu tuliunywa ukiwa na joto la chumba cha Julai. Wake ulikuwa umepoa. Wetu haukupata hewa. Wake ulikaa kwenye jagi tangu saa kumi na moja jioni. Mimi nilileta samaki, yeye nyama yenye mafuta. Hatua zinazofuata ni kwa ajili ya kukuepusha na sinki.

Hatua ya 1: Jua unanunua nini, na kwa nini bei yake ni ya chini

Cahors ni mji wa kusini magharibi mwa Ufaransa, kilomita mia moja na ushei kaskazini mwa Toulouse. Ukiutamka, s ya mwisho haisikiki: sema "kaori" huku ukiimeza ile i. Mji wenyewe umekaa ndani ya pindo la mto Lot, na kutoka hapo mto unakwenda magharibi ukijikunja na kujikunjua, mashamba ya mizabibu yakiufuata kila kona: Luzech, Parnac, Albas, Prayssac, Puy-l'Évêque. Kisheria jina Cahors ni la mvinyo mwekundu peke yake. Ukiona mweupe au wa waridi kutoka mashamba hayohayo, utauzwa kwa jina jingine, mara nyingi Côtes du Lot.

Zabibu yake ni Malbec. Sheria inataka angalau asilimia 70 ya Malbec, na kinachobaki kiwe Merlot au Tannat. Wenyeji wana jina lao la zamani la zabibu hii, Auxerrois, na kwingine Ufaransa huitwa Côt. Ukikutana na majina hayo ujue ni mtu mmoja. Uchunguzi wa vinasaba uliotolewa mwaka 2009 ulionyesha kwamba Malbec na Merlot ni ndugu wa mama mmoja, baba mbalimbali: mama yao ni zabibu iliyokuwa karibu kupotea kabisa, Magdeleine Noire des Charentes. Kwa hiyo mkulima wa Cahors anapolainisha Malbec kwa Merlot kidogo, anamwita ndugu wa tumbo moja aje kusuluhisha.

Sasa bei. Kwa kawaida chupa ya Cahors ya kunywa siku za wiki Ufaransa huuzwa kati ya euro 6 na 12, na ukifika 15 hadi 20 unapata mvinyo ambao ungevaa jina la Bordeaux usingeugusa kwa hela hizo. Mtu akiona bei ya chini hudhani kuna kasoro. Kasoro ipo, ila ni ya historia.

Zama za kati mvinyo huu ulikuwa na jina kubwa, hasa Uingereza. Lakini ili ufike baharini ulipaswa kushuka mto Lot, uingie Garonne, upite Bordeaux. Na Bordeaux nao walikuwa na mvinyo wao wa kuuza. Kwa upendeleo waliopewa na wafalme, wafanyabiashara wa Bordeaux waliwazuia watu wa juu ya mto mpaka wao wauze kwanza. Wenzao walifika bandarini msimu umekwisha na wanunuzi wameondoka. Hali hiyo ilidumu kwa karne kadhaa, hadi amri ya mwaka 1776 ilipofungua njia. Miaka mia hivi baadaye, mdudu filoksera akaingia na kuimaliza mizizi ya mizabibu. Walipoanza kusimama tena, ikaja Februari 1956, baridi iliyoua karibu shamba zima la Cahors. Walipanda upya kutoka karibu sifuri, chama cha ushirika cha Parnac kikiwa mstari wa mbele, na mwaka 1971 ndipo Cahors ikapata hadhi yake kamili ya kisheria.

Wakati hayo yakiwakuta, Malbec ilikuwa imeshahama. Mtaalamu wa kilimo Mfaransa, Michel Aimé Pouget, aliipeleka Argentina mwaka 1853, na huko Mendoza ikapata jua, ikanenepa, ikapata jina. Leo ukiomba Malbec kwenye baa ya Nairobi au Dar es Salaam utaletewa ya Argentina, na anayekuletea huenda hajawahi kusikia Cahors. Yaani mtoto amekuwa maarufu hadi watu wamesahau kuna mzazi kijijini. Wewe mnunuzi unafaidika na usahaulifu huo.

Lakini usitegemee ladha ileile. Malbec ya Mendoza ni ya mviringo, imejaa, ina utamu wa tunda lililoiva juani. Cahors ni nyembamba zaidi kiunoni, ina uchachu wa kuamsha mate, na tanini zake, yaani ule ukakasi unaokausha kinywa, zinashika. Na ni mvinyo mkavu, yaani hauna sukari. Nasema hivi mapema kwa sababu najua wengi wetu tumeanza na divai tamu. Kama huo ndio ulimi wako, hakuna ubaya, ila usianzie hapa.

(Jambo moja la kando: makanisa ya Kiorthodoksi ya Urusi hutumia mvinyo mtamu wa ibada unaoitwa Kagor. Jina hilo limetoka Cahors, ingawa mvinyo wenyewe hautoki huko tena.)

Hatua ya 2: Soma lebo kama mkataba wa nyumba ya kupanga

Maneno makubwa ya mbele hayana uzito kuliko maandishi madogo. Anza kwa kutafuta *Appellation Cahors Contrôlée*, au maneno ya namna hiyo yenye *Protégée* mwishoni. Hayo ndiyo yanayokuhakikishia eneo na zabibu. Chupa iliyoandikwa Malbec kwa herufi kubwa na chini yake *Vin de France* au *Pays d'Oc* si Cahors, hata kama imechorwa daraja la mawe na mto.

Kisha tafuta aliyejaza chupa. *Mis en bouteille au château* au *au domaine* maana yake mvinyo umewekwa chupani hukohuko shambani. *À la propriété* inaweza kuwa shamba au chama cha ushirika, na hiyo si dosari. Ushirika mzuri hutoa chupa za bei nafuu zinazoaminika. Ukiona jina la mjazaji ni kampuni iliyo mji mwingine kabisa, ujue ni mfanyabiashara aliyenunua mvinyo kwa jumla. Sisemi usinunue. Nasema kwa bei ileile, chukua wa mkulima.

Yafuatayo yasikutikise. *Château* haimaanishi kuna kasri. Mara nyingi ni nyumba ya kawaida yenye trekta nje. *Vieilles vignes*, mizabibu mizee, haina umri uliowekwa na sheria, kila mkulima anahesabu anavyojua. *Prestige*, *Réserve*, *Grande Cuvée*: majina ya kujipamba. Cahors haina ngazi rasmi za mashamba kama zile za Bordeaux au Burgundy. Na medali za dhahabu? Mashindano ni mengi kiasi kwamba chupa isiyo na medali inaanza kuonekana ya ajabu.

Neno moja lina faida: *élevé en fûts de chêne*, yaani umelelewa kwenye mapipa ya mwaloni. Hapo tegemea harufu ya vanila, moshi au kahawa, na tanini za ziada zinazohitaji muda. Kwa mgeni wa mvinyo huu, ningeanza na chupa isiyo na maneno hayo.

Hatua ya 3: Amua kwanza utainywa lini

Hapa ndipo watu wanapoteza pesa, kwa kununua chupa nzuri kwa siku isiyo yake.

Ukishuka hadi mtoni, ardhi ya Cahors iko kama ngazi. Ngazi za chini, karibu na maji, zina udongo mwingi na mchanga, zabibu zinapata unyevu, mvinyo unatoka mwepesi na wenye tunda. Ngazi za juu zina kokoto na udongo wa mfinyanzi, na mvinyo unaongezeka mwili. Juu kabisa, mita mia tatu hivi kutoka usawa wa bahari, kuna uwanda wa mawe ya chokaa unaoitwa causse, wenye udongo mwembamba na usiku wa baridi. Mvinyo wa huko unanyooka, una uchachu safi, na ukiwa mchanga ni mgumu kama mwalimu wa nidhamu. Mara nyingi lebo ya nyuma itakuambia chupa imetoka wapi.

Unakunywa wiki hii: chukua chupa ya euro 7 hadi 10, ya miaka miwili au mitatu, bila pipa, na kama lebo inataja Merlot ndani yake ni afadhali.

Una wageni na nyama: euro 12 hadi 20, miaka mitano na kuendelea. Hiki ndicho kiwango ninachokipenda, na nikilazimishwa kuchagua kimoja maisha yote ningechagua hiki. Château du Cèdre, Clos Triguedina, Clos de Gamot na Château de Haute-Serre ni majina ya kukumbuka. Kila moja lina chupa za bei tofauti, na mara nyingi ile ya chini au ya kati ndiyo inayofaa.

Unataka kuweka kabatini umngoje mtoto amalize shule: chupa za Malbec tupu kutoka ngazi za juu au causse hukaa miaka kumi, kumi na tano, hata zaidi. Ila uwe na mahali pa kuziweka. Nitarudi hapo.

Utasikia pia maneno "mvinyo mweusi". Zamani sehemu ya maji ya zabibu ilipashwa moto hadi kuzidi, na mvinyo uliotoka ulikuwa mweusi na wenye nguvu za kuvumilia safari. Familia ya Baldès ya Clos Triguedina iliufufua mtindo huo katika miaka ya 1990, kwa kupasha zabibu joto kama plamu zinavyokaushwa katika eneo lile. Chupa hiyo ni ghali, na ni ya udadisi. Cahors ya kawaida nayo ni nyeusi ya kutosha: iinamishe glasi juu ya karatasi nyeupe, utaona ukingo wa zambarau na katikati giza.

Hatua ya 4: Tazama mwaka, lakini usiuabudu

Dodoma zabibu huvunwa mara mbili kwa mwaka, kwa hiyo mvua ikiharibu msimu mmoja mkulima ana wa pili. Cahors wanavuna mara moja tu, Septemba kuelekea Oktoba. Baridi ya asubuhi moja ya Aprili, vichipukizi vikiwa vimeshachomoza, inaweza kuondoa riziki ya mwaka mzima. Ndivyo ilivyotokea 2017, ikarudi 2021, ikarudi tena 2024. Miaka ya namna hiyo mvinyo si lazima uwe mbaya. Kinachopungua ni wingi.

Kwa wanaopenda kupewa namba: 2015, 2016, 2018 na 2019 ni miaka ambayo hutajuta. 2022 ulikuwa wa joto na ukame, mvinyo umeiva sana na nguvu zake ziko juu. Tazama asilimia ya kilevi kwenye lebo, maana Cahors ya kawaida huwa kati ya 13 na 14.5, na kwenye mwaka wa joto inaelekea juu.

Hatua ya 5: Kagua chupa kabla ya kulipa

Niliwahi kununua chupa ya miaka tisa kwa bei ya ajabu kwenye duka moja ambalo sitalitaja. Ilikuwa imesimama dirishani, jua la mchana likiipiga, na mimi nikajiona mjanja. Nyumbani ilinukia zabibu kavu zilizopikwa na siki kwa mbali. Joto lilikuwa limeimaliza kabla sijaingia dukani.

Kwa hiyo: acha chupa ya dirishani au iliyo juu kabisa karibu na taa. Inyanyue utazame kiwango cha mvinyo shingoni. Ikiwa chupa ni changa na kiwango kimeshuka hadi mabegani, irudishe. Pitisha kidole juu ya kifuniko cha foili. Kizibo kilichosukumwa juu, au foili yenye ukungu na michirizi ya kunata, ni dalili ya chupa iliyochemka mahali fulani njiani. Ukinunua nchi ya joto chunguza mara mbili, kwa sababu chupa imepita bandari, kontena na lori kabla ya kukufikia. Duka lenye kiyoyozi linalokuuzia kwa bei ya juu kidogo linaweza kuwa ndilo la bei nafuu.

Hatua ya 6: Iweke, kisha ipoze

Laza chupa ili kizibo kibaki na unyevu, mahali penye giza, pasipo na mtikisiko. Juu ya friji ni mahali pabaya kuliko pote nyumbani, na ndipo watu wengi wanapoweka. Kama unaishi pwani, ambako usiku wenyewe una nyuzi 25, usiweke chupa kwa miaka. Nunua, kunywa.

Ule usemi wa kunywa mvinyo mwekundu kwa "joto la chumba" ulitungwa na watu wenye vyumba vya mawe vya baridi. Cahors inataka nyuzi 16 hadi 18. Ikiwa chumba kina 30, kilevi kinakupiga puani kabla ya tunda, na utamu wote unajificha. Tumia friji: saa moja hadi moja na nusu kwa chupa iliyokuwa na joto la nyuzi 30. Una haraka? Ndoo ya maji na barafu, dakika kumi hivi. Maji yawemo, kwa sababu barafu tupu haigusi chupa vizuri. Friza usiitumie kama wewe ni msahaulifu. Ikipoa kupita kiasi si tatizo, glasi itapata joto yenyewe. Iliyochemka ndiyo taabu kuirudisha katikati ya mlo.

Hatua ya 7: Fungua, mimina kwenye jagi, ondoka

Kata foili chini ya ukingo wa mdomo, ufute kwa kitambaa. Chomeka ncha ya kizibuo katikati ya kizibo, zungusha bila kusukuma, na uache mzunguko mmoja wa mwisho nje ili usitoboe upande wa pili na kudondosha vumbi la kizibo ndani. Vuta taratibu. Kikikatika, rudisha kizibuo kwa pembe kwenye kipande kilichobaki; kikigoma kabisa kisukume ndani na uchuje kwa chujio la chai. Hakuna aliyekufa.

Nusa kwanza. Ikinuka gunia lililolowa au boksi la karatasi lililokaa kwenye maji, kizibo kimeharibika na kimeuharibu mvinyo. Haudhuru mwili, ila hautapona kwa kungoja. Rudisha dukani na risiti, ukiwa na chupa karibu nzima, bila kuona haya.

Ikiwa nzuri, mimina yote kwenye jagi la kioo. Chombo maalumu chenye tumbo pana ni pambo. Jagi lako la juisi linatosha mradi halinuki sabuni wala pasheni. Cahors changa, chini ya miaka mitano, imimine kwa fujo, hata ikipiga povu, kisha uiache saa moja na nusu au mbili. Hewa inazifungua harufu, na ukali wa mwanzo unatulia. Ya miaka minane na zaidi ni kinyume: isimamishe wima tangu jana yake ili mashapo yatue chini, imimine polepole kama unayemimina mafuta ya taa, na ukiona wingu jeusi linakaribia shingo, simama. Chupa kama hiyo, nusu saa inaitosha. Ikikaa sana hewani inachoka.

Kufungua tu kizibo na kuiacha chupa imesimama hakusaidii. Hewa inayoingia kwenye kishimo kile ni kidogo mno.

Jaza theluthi ya glasi. Ukijaza pomoni hutapata nafasi ya kuizungusha, na pua yako haitakuwa na pa kukaa.

Hatua ya 8: Mpe mvinyo mafuta

Tanini ndizo zinazokausha kinywa, na ni jamii ileile ya vitu vilivyo kwenye chai kali. Hukamata protini za mate, ulimi ukabaki bila mafuta yake. Ukila nyama, tanini zinapata protini nyingine ya kukamata, na mafuta yanaufunika ulimi. Kwa sababu hiyohiyo chai ya rangi inalainika ukitia maziwa. Ndiyo maana Cahors inayokuuma ukiinywa peke yake inakuwa mpole mezani.

Kwao wanainywa na bata aliyepikwa na kuhifadhiwa katika mafuta yake mwenyewe, na mwanakondoo wa Quercy, na cassoulet ya maharage na soseji, na wakati wa baridi na uyoga mweusi wa ardhini unaouzwa Jumanne kwenye soko la Lalbenque. Mwishoni huja jibini dogo la mbuzi la Rocamadour na jozi za kupasua. Kwa jibini mimi sikubaliani nao sana. Ninaona mvinyo mweupe unalifaa zaidi. Nimeshabishana na jirani yangu kuhusu hili bila mafanikio.

Kwetu, mwenzi wake ni mbuzi wa kuchoma mwenye mafuta yake, chumvi na limau kidogo pembeni. Mshikaki wa ng'ombe unafaa ikiwa pilipili ni ya adabu. Mchuzi wa mkia wa ng'ombe uliochemka nusu siku unafaa sana. Maharage yaliyoungwa kwa nyama ya moshi, vilevile. Pilau ya nyama inakubali, kwa sababu mdalasini na karafuu vinaongea lugha moja na pipa la mwaloni, lakini kachumbari yenye siki iweke mbali na glasi.

Usiupeleke kwa samaki. Chuma kidogo kilichomo kwenye mvinyo mwekundu hugongana na mafuta ya samaki, na matokeo yake ni ile ladha ya msumari niliyowalisha wageni wangu. Pilipili kali nayo huchochewa na kilevi, moto unazidi, na tanini zinajitokeza kama zimeitwa.

Hatua ya 9: Ukiweza, nenda ukaonje huko

Kwa walioko Ufaransa: treni kutoka Toulouse hadi Cahors ni saa moja na kidogo. Kutoka Paris hupanda kwenye stesheni ya Austerlitz, na ni safari ya zaidi ya saa tano. Jumamosi asubuhi kuna soko mbele ya kanisa kuu la Saint-Étienne. Nunua jibini na mkate hapo, kisha vuka daraja la Valentré, la karne ya 14, lenye minara mitatu. Mashamba yenyewe yanataka gari, na gari linataka dereva asiyelewa. Kwa hiyo tema. Kila chumba cha kuonjea kina chombo cha kutemea, na mkulima hakasiriki. Anayemshangaza ni yule anayemeza kila kitu tangu saa nne asubuhi na bado anauliza maswali. Piga simu kabla ya kufika, hasa wakati wa mavuno. Na omba kuonja chupa ya chini kabla ya ya juu. Mkulima anayejivunia chupa yake ya euro 8 ndiye wa kununuliwa sanduku zima la chupa sita.

Hatua ya 10: Kilichobaki

Rudisha kizibo, weka chupa kwenye friji ikiwa imesimama. Cahors changa inavumilia siku tatu, na siku ya pili mara nyingi ni nzuri kuliko ya kwanza. Itoe nusu saa kabla ya kunywa. Ikifika siku ya tano na imeanza kuchachuka, usiimwage: kaanga vitunguu na vipande vya nyama ya ng'ombe vyenye mfupa, mwagia glasi mbili, ongeza karoti na jani la mbei, funika, moto mdogo kabisa, saa tatu. Onja kabla ya kutia chumvi, maana mchuzi utakuwa umepungua hadi kuwa mzito. Ugali unafaa.